Pareto ya Mtu Asiyekuwepo

Senje hakuwa shangazi yangu. Nimelikana jambo hili karibu maisha yangu yote, tena kwa ufundi ambao ningependa kuuona katika insha zangu. Nimelikana mbele ya askari nikiwa msichana wa kaptula ya kuazima, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya wenzangu wa chuo kikuu ambao hawakuwa na haja yoyote na ukoo wangu, na mara moja mbele ya daktari wa meno aliyekuwa anajaribu tu kunifanya niongee. Hata uongo huu ulipokosa kazi niliendelea kuutunza. Niliuongezea kijiji, kwaya na mchumba aliyefia baharini. Sasa niko na mvi, ninaishi Section 58 mjini Nakuru katika nyumba yenye vitabu vingi kuliko viti, na nimechoka kumzulia marehemu wachumba.

Kwetu watu wa magharibi, senje ni dada ya baba. Baba yangu hakuwa na dada. Mwanamke niliyemwita Senje alikuwa Mkikuyu aliyeingia jikoni kwetu asubuhi moja ya mvua, mwanzoni mwa Hali ya Hatari, akiwa na kikapu kitupu. Aliketi karibu na moto bila kukaribishwa, akaanza kutupukuchulia mahindi.

Tulikaa kwenye shamba la pareto juu ya Njoro, njia ya kwenda Molo. Pareto ni ua dogo jeupe lenye moyo wa njano, na likikauka hutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Mwenye shamba alikuwa mzungu tuliyemwita Bwana, kana kwamba hakukuwa na mwingine duniani. Baba alikuwa fundi wa nyumba ya kukaushia maua, na mama alikuwa mchumaji kama wanawake wengine wote. Miaka hiyo serikali ya kikoloni iliamuru kila Mkikuyu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya Bonde la Ufa awe na pasi. Wasiokuwa nayo walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Nyeri au Murang'a, hata wale waliozaliwa Subukia, humo humo bondeni, na ambao hawakuijua Nyeri ila kwa kusikia ikitajwa kanisani.

Malori yalipofika kwenye shamba alilokuwa akiishi, Senje alikuwa mtoni akifua. Aliporudi alikuta milango wazi na kuku wakila unga. Mama yake na binti yake mdogo walikuwa wamechukuliwa. Ungedhani angekimbilia barabarani ili achukuliwe naye, na alikaribia kufanya hivyo. Lakini mtu aliyepatikana baada ya malori kuondoka hakuhesabiwa tena kuwa mfanyakazi aliyesahaulika. Alihesabiwa kuwa anapeleka chakula kwa wapiganaji wa msituni, na safari yake ilikuwa ya jela, si ya Nyeri. Kwa hiyo alijificha, na kadiri alivyozidi kujificha ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu mwenye sababu ya kujificha.

Ningependa kuandika kwamba wazazi wangu walimpokea kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini mama alikuwa na mimba kubwa, alishindwa kuinama, na aliyeshindwa kufikisha uzito wa siku hakuandikiwa siku, yaani hakulipwa. Yule mgeni alimaliza mahindi, akachukua kikapu cha mama, akaingia kwenye mistari ya pareto pamoja na ukungu. Alirudi nacho kimejaa. Jioni hiyo baba, aliyekuwa akituchapa kwa uongo wa kijiko kimoja cha sukari, alitukalisha chini na kutufundisha uongo wake. Huyu ni senje wenu. Ametoka nyumbani. Ameachika, ana huzuni, haongei sana. Tuliurudia kila jioni baada ya sala, hadi mdogo wangu mmoja akaanza kuumalizia na amina.

Lugha haikuwa shida. Shambani kulikuwa na watu wa kila upande, na wote tuliongea Kiswahili kilekile kibovu tulichofundishwa na Bwana, ambaye naye alifundishwa na mpishi wake. Shida ilikuwa shingo. Wanawake wa kwetu hubeba mizigo kichwani, juu ya kata ya kitambaa. Wanawake wa kwao huibeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na mwanamke aliyebeba hivyo tangu utotoni hubaki na bonde pale juu ya nyusi, ambalo halifichiki ila kwa kitambaa. Senje alifunga kitambaa chake hadi usingizini. Na nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja tulichofugia sungura, mama alimfundisha kubeba debe kichwani.

Lilikuwa darasa gumu. Debe lilianza na mchanga kidogo, maana maji yangemwogesha. Alitembea akitazama mbele kwa hasira, mikono ikipapasa hewani, na mama akimkemea atembee kama mtu asiyefikiri.

"Nitaachaje kufikiri na kuna debe juu ya akili yangu?" Senje alisema.

Mama alicheka hadi akashika tumbo, na sisi watoto tukapata ruhusa ya kucheka. Senje hakucheka. Aliweka debe chini, akalipiga teke, akaliinua tena. Baada ya majuma kadhaa angeweza kutoka kisimani bila kumwaga, lakini hadi mwisho alikuwa akiinama mbele kidogo hata akiwa hana mzigo, kama mtu anayevuta kitu ambacho wengine hawakioni.

Niliona lile bonde mara moja tu, nilipomkuta akinawa uso. Nilikuwa mtoto mwenye adabu ndogo, nilitia kidole. Hakuniondoa.

"Hapo ni barabara," aliniambia. "Kuni zote za nyumba ya mama yangu zimepita hapo."

Kwa tabia alikuwa mtu mgumu, na sitaki kifo kimfanye awe laini. Hakupenda kuimba. Alikula ugali kama mtu anayemeza dawa, kisha angevizia mahindi na maharagwe mabichi, ayachemshe kwenye mkebe na kuyala amesimama. Alikuwa na wivu juu ya vitu vidogo: kijiti chake cha kusugulia meno, jiwe lake la kukalia. Hakukimbia kamwe. Mvua ilipotuangukia sote mashambani tukatawanyika tukipiga kelele, yeye alikuja nyuma polepole, akilowa. Nilimuuliza kwa nini. Alisema haraka ni ya watu wenye pasi. Mtu wa aina yake akikimbia, kuna mwingine atauliza anakimbia nini.

Jambo la ajabu ni jinsi alivyoushika ushangazi. Miaka miwili haikupita kabla hajawa mtu wa kwetu kutushinda sisi. Wageni halisi walipofika kutoka Kakamega, aliwakosoa namna ya kupika mboga ya mrenda. Alimgombeza mama kwa kumtaja mkwewe kwa jina. Alijua nani hapaswi kupeana mkono na nani, na alipokuwa hajui alibuni, na watu wazima wakatii. Naamini alijifunza mila zetu kwa bidii ileile aliyojifunza debe, akiogopa kumwaga.

Sasa niongee kama mtu aliyesoma, maana ada ililipwa na lazima kitu kionekane.

Chuoni mhadhiri mmoja wa uchumi alichora ubaoni mistari miwili iliyokatana, mmoja wa wanaotaka kazi na mwingine wa wanaotoa kazi. Alisema pale inapokatana ndipo mshahara ulipo. Nilikaa nyuma, nikijaribu kumweka Senje mahali kwenye ubao ule. Hakuwa kwenye mstari wowote. Pareto yake ilipimwa kwa jina la mama. Nyapara, mtu wa mizani, alijua vizuri sana kwamba mwanamke mmoja aliyetoka kujifungua hawezi kuchuma kiasi kile, na ili asiendelee kujua alipewa sehemu yake kila juma: kikapu kimoja kiliandikwa kwa jina la mke wake, ambaye alikuwa Molo akiuza chai na hakuwa akigusa ua.

Kwa hiyo mama akawa bingwa. Krismasi moja Bwana aliwakusanya watu mbele ya ghala, akamwita mbele, akampa blanketi na sukari, na kusema kwa Kiswahili chake kwamba kama mama huyu naweza, mama yote naweza. Senje alipiga makofi kuliko wote. Baada ya sikukuu uzito wa siku ukapandishwa kwa kila mchumaji, kwa kuwa sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba inawezekana.

Hapo ndipo wanawake walipoanza kutuchukia, na walikuwa na haki. Walikuwa wakitoka shambani giza likiingia, watoto wao hawajala. Jirani yetu, mama wa mapacha, alimsimamisha mama kwenye foleni ya mizani.

"Wewe una mikono mingapi?" akamuuliza mbele ya wote. "Hiyo mingine tuonyeshe, tuone kama ina vidole kama yetu."

Mama alitazama chini. Senje alikuwa nyuma yake, akiwa na kikapu kilichomjibu yule mwanamke swali lake lote.

Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, na kila mara inatoka vilevile. Bwana alipata maua zaidi bila kuajiri mtu. Nyapara alipata chai na mke wake akapata jina zuri. Mama alipata kulea mtoto wake bila kufukuzwa. Mimi nilipata shule, kwanza ya misheni, baadaye ya bweni, na kila nilichoandika tangu hapo. Mama wa mapacha alipoteza jioni zake. Senje alipata chakula, paa na jiwe la kukalia. Kila mtu alikuwa na sehemu yake katika Senje isipokuwa mwenyewe.

Na usifikiri hali hiyo ilimfanya awahurumie walio kama yeye. Ulipofika msimu wa maua mengi, walikuja vijana kutoka Tanganyika, waliovuka mpaka kwa miguu bila karatasi yoyote, wakakubali kuchuma kwa malipo ambayo sisi wengine tungeyaona matusi. Senje alikasirika kuliko mtu yeyote shambani. Alimfuata nyapara hadi kwenye mizani.

"Hawa uwafukuze," alimwambia. "Hawana pasi, hawana kwao, wanatushushia bei."

Nyapara alimtazama Senje kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akasema, "Sawa, dada ya fundi. Nimekusikia, wewe mwenye pasi." Senje aligeuka akaondoka kwa mwendo wake uleule. Jioni alipeleka blanketi, lile la ubingwa, kwenye banda walilolala wale vijana. Kesho yake aliendelea kuwatukana.

Siri ilitoka siku ya moto. Ilikuwa mchana, baba alikuwa amekwenda kutafuta kuni kavu, na moto wa tanuri la nyumba ya kukaushia ukashika ukuta wa mbao. Ndani kulikuwa na magunia ya maua makavu, mavuno ya msimu mzima. Watu walisimama wakipeana ndoo. Senje alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, wala sikumwona tena baadaye. Aliingia kwenye moshi, kitambaa kikamwanguka, na akatoka ameinama na magunia mawili mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, ikiwa imelala ndani ya lile bonde kama iliyotengenezewa pale. Akayatupa, akarudi. Alikwenda na kurudi hadi nyumba ile ikabaki tupu, na hakuna mwanamke wa kwetu ambaye angeweza kubeba vile, na kila aliyekuwepo alilijua hilo.

Bwana alikuwa amefika juu ya farasi. Alimtazama usoni, pale juu ya nyusi. Mama alinishika bega hadi nikaumia.

"Huyu mama iko na nguvu," Bwana alisema.

Basi. Hakumwita askari. Siku iliyofuata Senje alihamishiwa kwenye ghala, kubeba magunia hadi kwenye lori, kazi ya wanaume, kwa chakula na unga wa juma. Hakuwa tena na haja ya jina la mama, maana hakuwa akilipwa. Baba hakufukuzwa kwa ajili ya moto, kwa sababu mavuno yalipona. Sote tulipumua. Tulisema Bwana ni mtu mwema. Ilinichukua miaka na digrii kuona kwamba mlango ambao kabla ya hapo ulikuwa umerudishwa tu, sasa ulikuwa umefungwa kwa komeo, na komeo liko upande wa Bwana. Senje alimwomba Bwana baada ya wiki chache amsaidie kupata pasi. Akajibiwa angoje kidogo. Alimwomba tena msimu uliofuata, akaambiwa neno lilelile.

Habari zilikuwa zimemfikia, kwa midomo ya wanawake waliouza viazi kando ya reli, kwamba binti yake yu hai, yuko Nyeri na bibi yake, na ndiyo kwanza anaanza shule. Baada ya hapo alibadilika kidogo. Alianza kuniuliza mambo ya shule. Watoto wa darasa la kwanza wanavaa nini? Wanajua kuandika jina la mama yao?

Niseme mapema yaliyotokea baadaye, ili msomaji asinisubiri. Mwishowe sheria ya pasi ilikufa kifo chake, na Senje alikwenda Nyeri kama mtu yeyote anavyokwenda, akiwa na tikiti. Alikuwa amemwacha binti anayeng'oka meno ya utoto. Alimkuta mwanamke aliyeolewa mapema, anayenyonyesha, ambaye alimpangusia kiti na kumuuliza kwa heshima ametoka wapi. Senje alinisimulia hilo bila kulia, akichambua maharagwe. Mhadhiri wangu hakuwa na mstari wa jambo hilo.

Lakini ingeweza kuwa vingine, na nilikuwepo siku ilipoamuliwa.

Hali ya Hatari ilikuwa inapoa. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, nikiwa na soksi nyeupe na Kiingereza kilichonifanya nisiweze kuomba chumvi kama watu. Baba alikuwa ameamua jambo ambalo lilimnyima usingizi: alikwenda Nakuru mjini, kwenye ofisi ya pasi, akataja jina la kweli la Senje. Karani alimwambia inawezekana. Mtu aliyebaki nyuma ya malori angeweza kupewa pasi na ruhusa ya kusafiri, mradi mwajiri wake athibitishe kwamba miaka yote hiyo alikuwa kazini na si msituni. Ofisi ingempigia Bwana simu. Baba alikwenda kwa Bwana, kofia mkononi, na Bwana alimsikiliza akasema sawa, fundi, sawa.

Simu ilikuwa kwenye ukuta wa ofisi yake, karibu na dirisha la veranda. Laini ilikuwa ya mashamba kadhaa pamoja, na kwa vile majirani waliosikiliza waliififisha sauti, wote walikuwa na mazoea ya kupaza sauti. Asubuhi tuliyoambiwa, baba alinituma nikae chini ya dirisha hilo pamoja na Senje, nimtafsirie. Yeye alikuwa na kazi ya kupanga magunia karibu pale, kwa hiyo hatukuonekana wa ajabu. Alikuwa amevaa kitambaa kipya. Alikuwa ameoga kama mtu anayekwenda kanisani.

Simu ililia. Bwana alijitambulisha, akasikiliza. Kisha akalitaja jina la Senje, lile la kweli, taratibu, silabi moja moja, kama mtu anayesoma chapa ya gunia lililochanika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Senje alifumba macho. Sitaliandika hapa, lilitamkwa vibaya vya kutosha siku ile.

Bwana alisikiliza tena. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayezungumza na mwenzake. Kisha akajibu, na kwa Kiingereza changu cha bweni nilielewa kila neno.

Senje alinigusa mkono. "Amesema nini?"

Nilitazama soksi zangu.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema, na hilo hakuwahi kuniita tukiwa peke yetu. "Amesema nini?"

"Amesema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Amesema hajawahi kuwepo. Watu wake wote wana karatasi."

"Waambie wamuulize tena."

"Ameshakata simu, Senje."

Hakunitazama, alitazama chini, mahali gurudumu la lori lilipokuwa limeacha mfereji. Tulisikia kiti cha Bwana kikisogea, kisha viatu vyake. Alitoka verandani, akafuta miwani kwa shati, akatuona. Alimwona vizuri, kichwa hadi miguu, na hakushtuka.

"Wewe mama," akasema. "Lori ya Nakuru nakuja sasa hivi. Gunia yote weka tayari."

Akarudi ndani. Senje alifungua kile kitambaa kipya, akakikunja, akanipa nimshikie. Aliichukua kamba kiunoni akaanza kuifunga kwenye gunia la kwanza.

"Niulizie kwa hicho Kiingereza chako," alisema, sauti yake ya kila siku. "Kama sipo, hili anabeba nani?"

Aliinama, akaweka kamba kwenye paji la uso, akalibeba.